Naombeni msaada: umeme umekatika, kitabu cha anwani cha Thunderbird kimebaki cheupe, wateja wa miaka 9 siwaoni

Mama_Milulu
Habari zenu wakuu, samahanini kwa maelezo marefu ila nimechanganyikiwa kwa kweli. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama huku Iringa, tunasuka vikapu vya milulu na tunauza ndani na nje, na tangu 2016 mawasiliano yote ya wateja yanapitia kwenye laptopu moja ya kikundi, tunatumia Thunderbird, ile programu ya imeili. Juzi jioni mvua kubwa, mimi naongeza anwani ya mteja mpya, umeme ukakatika, na hii laptopu betri ilishakufa kitambo inategemea waya tu, kwa hiyo ikazima pap. Umeme uliporudi nikawasha, Thunderbird imefunguka vizuri, barua zote zipo, lakini nikibonyeza Address Book hakuna mtu hata mmoja, na nikianza kuandika jina pale kwenye To haliji lolote.

Zilikuwa anwani mia nne na kitu. Na sio anwani peke yake wakuu, kila mteja nilikuwa namwandikia maelezo pale chini sehemu ya Notes, kwamba huyu anachukua seti ya vikapu vitatu vinavyoingiana, huyu hataki rangi ya zambarau, huyu mzigo wake unapitia kwa wakala gani Dar, huyu usimwandikie Agosti anakuwa likizo. Hayo sina popote pengine. Tuna oda inatakiwa kuthibitishwa wiki ijayo na mteja mwenyewe anwani yake sikumbuki.

Kuna fundi hapa mtaani kaniambia nitoe Thunderbird niiweke upya, roho yangu imekataa, nikasema niulize kwanza. Nifanyeje?

Karani wa Zamani
Pole sana dada. Imeili yenu si iko kwenye seva ya kampuni inayowahifadhia tovuti? Basi ingia kwa kompyuta nyingine, weka Thunderbird, ingiza akaunti yako, kila kitu kitashuka chenyewe. Mimi nilibadilisha laptopu nikafanya hivyo na barua zote zikarudi.

Kibodi
Mkuu Karani, barua zitashuka ndiyo, ila kontakti hazitashuka. IMAP, yaani njia ambayo programu inasoma barua zilizoko kwenye seva, inabeba barua na mafolda yake, kitabu cha anwani hakimo humo kabisa, chenyewe kinakaa kwenye faili ndani ya hiyo hiyo laptopu. Nasema hili kwa msisitizo kwa sababu nimeona watu wanafomati mashine wakiamini "vyote viko kwenye seva", halafu wanakuja kulia.

Dada Mama_Milulu, umefanya vizuri sana kukataa. Kutoa programu peke yake hakufuti profaili (ile folda ambamo Thunderbird inaweka barua na anwani zako), lakini fundi mwenye haraka anafuta na folda "ili iwe safi" na hapo ndipo habari inaisha. Kwa sasa fanya hivi tu, usifanye kingine:

Funga Thunderbird, isiwe wazi hata kidogo. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika %APPDATA%\Thunderbird\Profiles kisha Enter. Utaona folda yenye jina la ajabu ajabu linaloishia na default au default-release (zikiwa mbili, shika ile nzito). Kopi folda YOTE weka kwenye fleshi, au hata kwenye Desktop kama fleshi haina nafasi. Ukimaliza ingia ndani ya ile kopi, tafuta mafaili yanayoanza na abook na history, utuandikie majina yake kamili na ukubwa wake. Hata likionekana la ajabu liandike.

Mama_Milulu
Asante kaka Kibodi, nimefanya. Kukopi kumechukua karibu saa nzima. Nimeona haya:

abook.sqlite 1,184 KB
abook.sqlite-wal 96 KB
abook.mab.bak 203 KB, hili linaonyesha ni la 2020
history.sqlite 416 KB

Ni mabaya?

Kibodi
Dada hizo ni habari njema, ngoja nikueleze usiwe unafuata amri tu gizani.

abook.sqlite ndiyo kitabu chako chenyewe. Ingekuwa na sifuri KB ningekupa pole, lakini ina zaidi ya mega moja, maana yake watu wako wamo humo ndani, ila umeme ulikatika faili likiwa linaandikwa, mpangilio ukavurugika, Thunderbird ikishindwa kulisoma inakuonyesha kitabu kitupu. Hilo la -wal ni kama daftari la rafu, yale ya mwisho huandikwa humo kwanza kabla ya kuingia kwenye kitabu, kwa hiyo usilifute na usilitenganishe na mwenzake. Anwani ya yule mteja uliyekuwa unamwandika juzi huenda ipo humo.

history.sqlite ni zile Collected Addresses, watu ambao Thunderbird inawakusanya yenyewe kila ukituma barua. Ila usiitegemee sana, kwa sababu mtu akishakuwa kwenye kitabu chako kikuu haimkusanyi tena kule, kwa hiyo wateja wako wakubwa ndio hasa watakosekana.

Na hilo la 2020 ndilo limenifurahisha. Zamani Thunderbird ilihifadhi anwani kwenye mafaili ya .mab, toleo la 78 lilipotoka mwaka huo likahamishia kila kitu kwenye sqlite na la zamani likaachwa pembeni na .bak mkiani. Kwa hiyo una picha ya kitabu chako kama kilivyokuwa 2020.

Swali moja. Kwenye kopi, fungua abook.sqlite kwa Notepad, usiandike kitu, niambie maneno ya kwanza kabisa yanasomekaje.

Mama_Milulu
Yameandikwa SQLite format 3 halafu vialama havieleweki. Nikashuka chini nikaona jina la mteja wetu wa Uholanzi na maneno yangu mwenyewe "vipini vya ngozi tu", jamani machozi yamenitoka.

Fundi_Stoo
Mimi tatizo kama hilo lilinikuta, nikatumia scanpst ikarekebisha. Dada itafute kwenye folda ya Office, ielekeze kwenye faili lako, bonyeza Repair.

Kibodi
Mkuu hiyo ni dawa ya Outlook, inatibu mafaili ya .pst, hapa haitafanya kitu. Ila kwa atakayesoma uzi huu akiwa na Outlook, ni kweli, kontakti za Outlook zinakaa ndani ya pst pamoja na barua, na scanpst ndiyo ya kuanza nayo, nayo pia kopi faili kwanza. Ikimaliza angalia folda ya Lost and Found, mara nyingine kontakti zinatupwa humo.

Turudi kwa dada. Tengeneza folda mpya kwenye C uiite okoa. Weka humo kopi ya abook.sqlite na -wal yake. Nenda sqlite.org sehemu ya kudaunlodi, upande wa Windows, chukua zipu inayoanza na sqlite-tools, ifungue, lile faili la sqlite3.exe liweke humo humo okoa. Kisha kwenye kile kijisanduku cha juu kinachoonyesha jina la folda, futa, andika cmd, Enter, kitatokea kidirisha cheusi. Andika mstari wa kwanza:

sqlite3 abook.sqlite ".recover" > okoa.sql

Subiri kimalize, kisha wa pili:

sqlite3 mpya.sqlite < okoa.sql

.recover haiombi faili liwe zima, inapita ukurasa kwa ukurasa inaokota kila kinachosomeka. Kwa hiyo zikitokea kelele za error usikate tamaa, angalia tu mpya.sqlite ina ukubwa gani.

Mama_Milulu
Kaka mstari wa kwanza umeenda, wa pili unakataa, unaandika maneno mekundu kwamba alama ya < imehifadhiwa kwa matumizi ya baadaye.

Pwani_Moja
Dada hiyo umefungua PowerShell, si cmd. Yanafanana lakini PowerShell haitambui hiyo alama, hata ule mstari wa kwanza inaweza kuwa imeandika faili kwa mfumo mwingine likasumbua mbele. Futa okoa.sql, kopi tena abook mbili kutoka kwa fleshi, kisha rudia zote kwenye cmd. Mie huku Mombasa nimewafanyia kazi hii maajenti wa mizigo mara mbili na mara zote mbili kikwazo kilikuwa hapo hapo.

Kibodi
Shukrani Pwani_Moja, umeniokolea usiku. Ni kweli akopi upya pia, kwa sababu ukishafungua faili kwa sqlite3 ile -wal inaweza kumezwa na kutoweka, ndiyo maana fleshi tunaiacha kama ilivyo na kazi zote tunafanyia kwenye okoa.

Mama_Milulu
Nimerudia kwa cmd, imekubali!! mpya.sqlite ina 1,020 KB. Sasa nilibadilishe jina nilirudishe kwenye profaili?

Kibodi
Unaweza lakini mimi nisingefanya hivyo, kama lina kasoro utarudi mwanzo. Badala yake fungua Thunderbird, nenda Tools halafu Import, chagua kuingiza Address Book, kwenye aina chagua SQLite, elekeza kwenye mpya.sqlite, ikikuuliza pa kuweka chagua kitabu kipya, kiite Waliookolewa. Baadaye fanya hivyo hivyo kwa lile la 2020: kopi ya abook.mab.bak itolee .bak mkiani, kwenye Import chagua Mork (ndilo jina la mfumo wa mafaili ya .mab), liweke kwenye kitabu chake peke yake, kiite Zamani. Usivichanganye mpaka uwe umevikagua.

Mama_Milulu
Wakuu, Waliookolewa wako 362! Na Notes zao zipo, nimesoma moja moja kama barua za ndugu. Zamani wako 240, nikalinganisha kwa herufi na kalamu na karatasi mpaka saa saba usiku, 19 walikuwa Zamani tu, huko kwingine hawapo. Yule wa juzi niliyekuwa namwandika naye yupo, ila jina lake limeishia nusu.

Anayekosekana na ananiumiza ni yule mama wa Ujerumani wa oda ya wiki ijayo. Alijiunga 2022 kwa hiyo Zamani hayupo, na kwenye Waliookolewa hayupo, nimetafuta kwa jina, kwa mji, kwa kila kitu. Barua zake nikizitafuta juu pale kwenye kisanduku cha kutafuta hazitoki, nadhani niliwahi kuzifuta inbox ilipojaa.

Pwani_Moja
Dada umefuta alizokuletea, je ulizomtumia wewe? Watu hufuta Inbox wakasahau Sent. Ndani ya profaili kuna folda ya ImapMail, ndani yake folda yenye jina la seva yenu, utapata faili linaloitwa Sent lisilo na mkia wowote (wakati mwingine limejificha ndani ya INBOX.sbd). Lile la Sent.msf ni faharasa tu, achana nalo. Hilo Sent ni maandishi matupu, barua zote zimepangwa moja baada ya nyingine.

Kopi yake ifungue kwa Notepad++, si Notepad ya kawaida. Bonyeza Ctrl na F, nenda kwa Mark, weka tiki Bookmark line, chini chagua Regular expression, andika:

^(To|Cc): .*@

Bonyeza Mark All, kisha menyu ya Search, Bookmark, Copy Bookmarked Lines, ukapesti Excel, ondoa zinazojirudia. Utapata kila mtu uliyewahi kumwandikia. Jina la Kijerumani lenye vidoti juu ya herufi litaonekana vibaya, litaanza na =?UTF-8, usishtuke, anwani yenyewe baada yake itakuwa safi. Na barua ukimtumia watu wengi kwa pamoja orodha huvunjika ikashuka mstari wa pili, hao utawatafuta kwa alama ya @ peke yake.

Karani wa Zamani
Mimi najifunza hapa, nilitoa ushauri mbovu mwanzoni naomba radhi dada. Namba za simu je? Hizo hazikai kwenye To.

Pwani_Moja
Namba hukaa chini ya barua, kwenye sahihi ya mtu. Barua aliyokujibu huwa imenukuliwa ndani ya ile uliyomrudishia wewe, kwa hiyo hata hiyo humo kwenye Sent unaipata.

Mama_Milulu
NIMEMPATA. Ilikuwa barua ya Machi mwaka jana niliyomtumia nakala ya karatasi za meli, anwani yake ipo na chini kabisa, kwenye maneno yake aliyoniandikia, ipo na namba ya simu. Nimemwandikia jana jioni, leo asubuhi kajibu, oda imethibitika, seti 60.

Kwenye hilo faili la Sent nimepata wengine 27 ambao hawakuwa popote. Notes zao zimekwenda, nimeanza kuziandika upya nikiwa na mama Mwenyekiti pembeni maana yeye anakumbuka mteja kwa kikapu, ukimtajia jina hajui, ukimwambia "yule wa mifuniko" anakupa historia yake yote.

Kaka Kibodi na Pwani_Moja Mungu awabariki. Swali langu la mwisho, nifanyeje ili nisirudi hapa?

Kibodi
Hongera sana dada. Kila Ijumaa kabla ya kufunga ofisi, Address Book, bonyeza kitabu kwa kitufe cha kulia, Export, chagua vCard (aina ya faili la kontakti), jitumie mwenyewe kwa imeili na weka moja kwenye fleshi. CSV inafunguka Excel vizuri, ila kwa kurudisha kwenye Thunderbird vCard ndiyo rahisi, nayo hata simu inaisoma. Kama intaneti yenu si ya kusuasua, toleo la 91 kuendelea linakubali CardDAV (njia ya kulinganisha kontakti na seva), unaweza kuunganisha na kontakti za Google zikakaa sehemu mbili. Na hiyo betri mnunue dada, au hata UPS ndogo (kifaa cha kushikilia umeme ukikatika), kabla ya mvua nyingine.

Ile fleshi yenye kopi ya mwanzo usiifute mpaka mmalize kuandika Notes.

Mama_Milulu
Fleshi nimeifunga kwenye kitambaa, iko kwenye sanduku la hela la kikundi. Betri tumekubaliana kwenye kikao cha leo, inakatwa kwenye hela ya oda hii.