Mafundi wa kompyuta wa Mombasa, acheni kufomati kila skrini ya bluu!

Mwatuchosha, wallahi. Mteja aja na laptopu yenye skrini ya bluu (ile Windows huionyesha ikianguka), fundi hajasoma hata msimbo wa kosa ulioandikwa hapo, ashachomeka flashi afomati. Picha za harusi zimekwenda. Wiki ya pili bluu ile ile yarudi, sasa aambiwa "bodi imekufa". Bodi haijafa! Mmemrudishia draiva (programu inayoendesha kifaa kama kadi ya sauti) ile ile mbovu iliyo kwenye flashi yenu.

Programu ya kawaida ikikosea hufa peke yake. Draiva hukaa ndani ya kiini cha mfumo, hakuna ukuta baina yao. Ikigusa anwani ya kumbukumbu isiyokuwepo, Windows hujisimamisha kusudi, data isije ikaharibika. Tarehe 19 Julai 2024 faili la CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, liliitaka draiva yao isome thamani ya 21 ilhali ilikuwa imepewa 20. Ikasoma nje ya mpaka, na kompyuta kama milioni 8.5 zikaanguka. Dawa yake? Kuingia hali salama (Windows ikiwaka na draiva za lazima tu) na kufuta faili linaloanza na C-00000291. Basi.

Ushahidi mnaoufuta uko C:\Windows\Minidump. Nakilini faili la .dmp, ndiyo rekodi ya kuanguka, lifungueni kwa WinDbg, programu ya Microsoft ya kuchunguza makosa, andikeni !analyze -v, mtazame mstari wa IMAGE_NAME. Mkiona jina la .sys la kadi ya sauti au ya Wi-Fi, rudisheni toleo la zamani la draiva hiyo. Mkiona ntoskrnl.exe, kiini chenyewe cha Windows, msikimbilie kuilaumu Windows. Mara nyingi hapo ndipo kosa lilipogundulika tu, aliyelifanya ni mwengine. Na misimbo ikibadilika kila mara, leo 0x1A kesho 0x50, shukuni RAM: itoeni, msugue meno yake kwa kifutio (hewa ya chumvi ya huku mwaijua), kisha ipimeni kwa programu ya MemTest86 usiku kucha.

Haiwaki kabisa? Izimeni ikiwa inaanza kuwaka, mara mbili tatu, ukurasa wa ukarabati utajitokeza. Ingieni mipangilio ya kuanzia, bonyezeni 4 muingie hali salama. Ikiwa diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la siri la Windows, mwombeni mteja ule ufunguo wa tarakimu 48 kabla hamjagusa kitu.

Na wewe uliyezoea kumwambia mtu "data haiokoleki", andika hapa chini: ulisoma msimbo gani?