Kampuni ya intaneti imeniandikia kuhusu saiba yangu, nifanyeje?

MamaSaiba46:
Hamjambo wadau. Nina saiba ndogo, duka la kukodisha kompyuta na intaneti, huku Kawangware, Nairobi, karibu na stendi ya 46. Kompyuta saba, printa moja. Kazi ni zile mnazojua: ritani za kodi za KRA, cheti cha mwenendo mwema, kopi za kitambulisho. Juzi kampuni inayoniuzia intaneti imeniandikia kwamba laini yangu imetumika kuimiminia tovuti ya ofisi moja ya serikali maombi mengi ya kuifungua mpaka ikakwama. Ikitokea tena watanikatia na "kuwaarifu wanaohusika". Mimi siwezi kudukua hata simu yangu nikisahau namba ya siri. Nilishtuka kwa sababu ya stima. Nilinunua tokeni za 500, ambazo hunipeleka wiki nzima, asubuhi nakuta mita inalia. Nikagusa mashine, moto kama sufuria ya chapati, na mimi ndio kwanza nafungua. Sasa nihamie kampuni nyingine au nibaki na hawa? Silali.

Kibarua_Rongai:
Hama. Kampuni yangu ya kwanza ilituma fundi akaja bila ngazi, akaazima yangu, akapanda, akashuka, akaenda nayo. Intaneti sikupata. Ngazi nayo mpaka leo.

BiKombo:
Ngazi yahusu nini, mwanangu? Mama, wauliza swali la pembeni. Mlango ulivunjwa? Ufunguo anao nani?

Mzee_Pweza:
Hawa watoto wanaojiita wadukuzi wanaharakati hawajui wanamuumiza nani. Julai 2023 lile kundi la Anonymous Sudan lilipoiangusha eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, nilikuwa kwenye foleni na pasipoti ya mke wangu haijatoka. Serikali ilipata hasara gani? Aliyekaa kwenye benchi ni mimi. Na Oktoba 2024 Marekani ikatangaza mashtaka dhidi ya ndugu wawili Wasudani, vijana kabisa. Wazazi mko wapi?

MamaSaiba46:
Hata mimi nilikaa, mzee. Siku zile hapa mtu hakufanya chochote isipokuwa kupiga kopi.
Bi Kombo, kufuli haikuvunjwa. Ufunguo wa pili anao kijana wa marehemu dada yangu, ananiita mama mdogo. Anasomea kompyuta, nilimpa awe ananifungulia Jumamosi. Lakini ni mtoto mzuri, hata sigara havuti.

Manze_Umo:
Kuvuta havuti, havumi pia? Hizo mashine ndizo zilikuwa zinavuma usiku 😂

Wakili_wa_Kibanda:
Mimi si wakili wa kanzu, lakini nimeshinda sana kortini Milimani, kwa sababu zangu. Soma Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018, kifungu cha 16: kuingilia mfumo bila idhini ni faini isiyozidi milioni 10 au jela isiyozidi miaka 5, au vyote viwili. Kifungu hicho ndicho walichomshtaki nacho Rose Njeri, aliyetengeneza ukurasa wa kuwasaidia watu kutuma barua pepe za kupinga Mswada wa Fedha wa 2025. Juni 20 hakimu akaitupa kesi. Usifurahi lakini. Yule alipeleka maoni ya wananchi mahali yalipokuwa yanaombwa. Huyu wako ameziba mlango wa ofisi. Tafuta wakili wa kweli, na hizo kompyuta USIZIGUSE.

MamaSaiba46:
Umechelewa, wakili. Nimeshafomati. Msinifokee. Mngekuwa mimi mngefanya nini, mkae mkingoja wabishe hodi? Na kijana nimeshamtafutia gari la kwenda kwa nyanyake Kakamega.

BiKombo:
Basi umeshaamua, wataka tukupigie makofi.

Nyaya_Tupu:
Kufomati si msaada. Maombi yametoka kwa anwani ya laini yako, na hiyo iko kwenye rekodi za kampuni, haiko kwenye diski zako. Mwaka 2010 watu wa Anonymous, si wale wa Sudan, walishambulia kampuni ya malipo ya PayPal kwa sababu imeikatia michango WikiLeaks, tovuti ya kufichua siri za serikali. Wengi walipakua programu ya kumiminia tovuti maombi, wakabonyeza, wakadhani wamejificha kwenye umati. Programu ile haikuficha anwani ya mtu. Mwaka uliofuata FBI ikawafuata majumbani. Mwenye akili hukodi au huteka mashine za mbali, hatumii saiba ya mama mdogo. Huyo kijana bado ni mwanafunzi kweli.

Mswahili_wa_Temeke:
Poleni jirani. Huku Dar Mei 2025 mtandao wa X ulizibwa, ukawa haufunguki bila VPN, ile programu ya kukwepa kizuizi, na VPN zenyewe tuliambiwa tukazisajili. Mimi namwelewa kijana. Mtu akizimiwa taa atatafuta swichi.

Mzee_Pweza:
Swichi ya nyumba ya nani?

MamaSaiba46:
Mzee, nikwambie. Juni 25, 2024, siku ya maandamano ya Mswada wa Fedha, binti yangu alikuwa mjini, Moi Avenue. Jana yake Mamlaka ya Mawasiliano imetuambia intaneti haitazimwa. Jioni ile ikawa kama imekabwa koo, Safaricom wakasema ni nyaya za baharini. Kwa saa tano nzima namtumia ujumbe, alama moja tu, ya pili haiji. Alirudi kwa miguu usiku, kiatu kimoja. Sasa mtoto akiniambia "mama mdogo, na wao wajue tovuti kukwama kunavyouma," nimwambie nini?

Kokotoa:
Samahani, huu uzi una harufu ya Subaru za polisi wa kiraia. Hebu tupige hesabu. Kompyuta saba, tuseme wati 100 kila moja, saa nane za usiku: yuniti tano na nusu hivi. Tokeni za 500 ni yuniti kumi na kadhaa. Haziishi usiku mmoja. Tena mwanzo hakujua lolote, sasa anajua hata kijana alisema nini. Hii ni hekaya, au kuna mtu ofisini anataka vijana waje hapa waseme "hata mimi nilifanya".

Manze_Umo:
Afande, karibu chai. Mimi hata Telegram sijawahi kufungua, hasa Novemba, mitihani ya KCSE ikiuzwa humo.

Kibarua_Rongai:
Na mimi ngazi nilikuwa nimeiba tangu mwanzo.

BiKombo:
Mwacheni ajibu. Mama?

MamaSaiba46:
Haukuwa usiku mmoja. Ni usiku tisa. Tokeni nimenunua mara tatu, na za mara ya pili na ya tatu nilizinunua nikijua ni za nini. Kokotoa, piga tena hesabu yako.

Kokotoa:
Yuniti hamsini. Za elfu moja na mia tano. Inaingia.
Pole, mama.

Wakili_wa_Kibanda:
Ungenyamaza hapo. Futa hiyo posti. Na wakili ni kesho asubuhi, kabla hujapandisha mtoto gari.

Nyaya_Tupu:
Zote saba umefomati?

MamaSaiba46:
Sita. Ya saba aliniwekea akaniambia "bonyeza wewe, mama mdogo," nikabonyeza. Ndiyo ninayowaandikia nayo.