Naomba ushauri: nianzie wapi kujifunza misingi ya usimamizi wa mnyororo wa ugavi?

Mtunza_Stoo
Habari zenu wanajukwaa. Nimekuwa mtunza stoo wa vipuri kwa miaka minne, na mwezi huu nimeanza kozi ya awali ya usimamizi wa mnyororo wa ugavi. Wiki mbili za kwanza zimejaa fasili: manunuzi ni nini, lojistiki ni nini, ugavi ni nini. Ninazikariri, lakini nikirudi kazini sioni zinanisaidia nini. Mwaka jana tuliishiwa vichujio vya mafuta ilhali rafu ya pili ilikuwa na mikanda ya feni ambayo haikuguswa kwa miezi 14. Vichujio tunatumia takriban vinne kwa siku, na msambazaji huahidi kuvileta ndani ya siku 14 za kazi. Nilipoulizwa kulikoni, nilisema msambazaji alichelewa, na wote tukaridhika. Sasa nahisi lile halikuwa jibu. Kwa waliotangulia, nianzie wapi ili misingi hii iniingie, na je, hesabu zake zitamshinda mtu aliyeachana na hisabati siku nyingi?

Mzee_wa_Ghala
Ndugu yangu, umeanza vizuri kuliko unavyodhani, kwa sababu stoo iliyoishiwa kitu kimoja na kufurika kingine ndiyo somo lenyewe. Hizo fasili zisikuchoshe. Manunuzi hushughulikia kuipata bidhaa kwa msambazaji, lojistiki huisafirisha na kuihifadhi, na mnyororo wa ugavi ni yote hayo pamoja na watu walio nje ya geti lako, tangu anayechimba malighafi hadi mteja wa mwisho. Hata jina lenyewe la "usimamizi wa mnyororo wa ugavi" si la zamani: lilianza kutumika hadharani mwaka 1982 kupitia mshauri wa biashara Keith Oliver, ingawa kazi zenyewe ni za tangu watu walipoanza kubebeana mizigo.

Ndani ya mnyororo hupita vitu vitatu: bidhaa, fedha na taarifa. Bidhaa huteremka kuelekea kwa mteja, fedha hupanda kuelekea kwa mzalishaji, na taarifa hutakiwa kwenda pande zote mbili, jambo ambalo mara nyingi halifanyiki. Ushauri wangu ni kwamba uchukue kipuri kimoja tu, hicho kichujio, ukifuate hatua kwa hatua. Andika siku oda ilipotoka, siku msambazaji alipoithibitisha, siku mzigo ulipofika getini na siku ulipoingizwa kwenye kadi ya stoo. Usishangae ukikuta kwamba oda ilikaa kwenye meza zenu siku nyingi kuliko mzigo ulivyokaa barabarani.

Hesabu_Kidogo
Naongezea upande wa hesabu, kwa kuwa ndipo wengi hukatia tamaa bila sababu. Fomula ya kwanza mtakayopewa ni ya kiasi cha oda chenye gharama ndogo zaidi, ambayo Ford W. Harris aliichapisha mwaka 1913. Unazidisha 2 kwa mahitaji ya mwaka, kisha kwa gharama ya kuagiza mara moja, unagawanya kwa gharama ya kuhifadhi kipande kimoja kwa mwaka, halafu unatafuta kipeuo cha pili. Vichujio vinne kwa siku 300 za kazi ni 1,200. Tuseme kuagiza mara moja hugharimu 50 na kuhifadhi kimoja hugharimu 12, kwa fedha yoyote unayotumia. Jibu ni 100, yaani oda 12 kwa mwaka, na gharama zote mbili kwa pamoja ni 1,200.

Sasa jaribu kukosea kwa makusudi. Ukiagiza 200 kila mara, gharama inakuwa 1,500. Ukiagiza 50, inakuwa 1,500 vilevile. Umekosea maradufu, lakini hasara ni robo tu. Kwa hiyo usikeshe ukitafuta desimali. Kesha ukitafuta kujua kuhifadhi kitu kunawagharimu kiasi gani hasa, maana hapo ndipo ofisi nyingi hubahatisha.

Mnunuzi_Mtaratibu
Kwa heshima zote kwa aliyetangulia, fomula hiyo hudhani kwamba matumizi hayabadiliki na mzigo hufika kwa wakati, na mleta mada ametuambia waziwazi kwamba haufiki. Inamwambia aagize vingapi, wakati shida yake ni aagize lini. Kiwango cha kuagiza upya, yaani idadi ambayo stoo ikishuka hadi hapo unatoa oda, ni matumizi ya siku mara siku za kusubiri, kisha unaongeza akiba ya tahadhari, yaani vya ziada vya kukukinga mzigo ukichelewa. Vinne mara siku 14 ni 56. Mzigo ukichukua siku 21 na wewe uliagiza ulipobaki na 56, siku saba za mwisho rafu ni tupu na watu 28 wamerudishwa mikono mitupu. Kuchelewa kunakojirudia hakuwi tena ajali. Kunaingizwa kwenye hesabu kama mahitaji yanavyoingizwa.

Nami nina swali: baada ya kuishiwa, uliagiza kiasi gani?

Mtunza_Stoo
Nashukuru sana. Nimefukua hati za mizigo sita ya mwisho: siku 12, 14, 13, 22, 15 na 20. Wastani ni 16, si 14. Kibaya zaidi, jana kadi ilisema kuna vichujio 40, nami nilipohesabu rafuni nikakuta 26. Vile 14 vilichukuliwa na karakana jioni bila mtu kusaini. Kuhusu swali la mwisho, naona haya kukiri kwamba niliagiza mara tatu ya kawaida.

Mzee_wa_Ghala
Usione haya, umefanya wanavyofanya wengi. Msambazaji wako aliona oda mara tatu akadhani soko limekua, naye akamwagiza mzalishaji zaidi ya hapo, wakati matumizi halisi hayakusogea hata kidogo. Hiyo huitwa athari ya mjeledi: mkono hutikisika kidogo, ncha huruka mbali. Kampuni ya Procter & Gamble iliiona kwenye nepi za watoto: watoto walizitumia kwa kasi ileile, lakini oda zilipanda na kushuka, na kadiri ulivyokwenda mbali na mtoto ndivyo zilivyoyumba zaidi. Mwaka 1997 mtafiti Hau Lee na wenzake walitaja vyanzo vinne: kukisia mahitaji kutokana na oda badala ya matumizi, kulimbikiza oda ili zitumwe kwa mkupuo, bei kupandishwa na kushushwa, na wateja kuagiza zaidi wakiogopa uhaba. Chako ni hicho cha nne.

Kwa sasa rekebisha kadi kwanza, kwa sababu hakuna fomula itakayokufaa ikiwa inalishwa 40 wakati rafuni mna 26. Kisha tumia siku 22, ile mbaya kuliko zote, na si 14 ya ahadi: kiwango cha kuagiza kinakuwa 88. Kati ya hivyo, 64 ni vya siku 16 za kawaida na 24 ni akiba.

Mnunuzi_Mtaratibu
Na ile mikanda ya feni ilinunuliwaje?

Mtunza_Stoo
Tulipewa punguzo kwa sharti la kuchukua katoni nzima.

Mnunuzi_Mtaratibu
Basi hicho ni chanzo cha tatu, nacho kipo kwenye rafu yako. Gawanya katoni hiyo kwa matumizi ya mwezi, uone mmenunua mikanda ya miaka mingapi.