Mrejesho: mbuzi aliyeoza upande mmoja wa kiwele amefanyiwa upasuaji

Ndugu wafugaji, niliwauliza kuhusu mbuzi wangu wa maziwa ambaye, muda mfupi baada ya kuzaa, upande wa kushoto wa kiwele chake ulipoa, ukawa wa bluu na kisha mweusi, huku chuchu ikitoa majimaji yenye damu. Daktari wa mifugo alithibitisha kuwa ni ugonjwa wa kiwele unaoozesha, ambao mara nyingi husababishwa na bakteria wa stafilokokasi, akaeleza kwamba nyama iliyokwisha kufa haiponi kwa sindano, kwa kuwa damu inayobeba dawa haiifikii tena.

Alianza kwa kumpa maji ya mishipani, antibiotiki na dawa ya maumivu ili apate nguvu. Kisha akauondoa upande ule wote, akifunga kwanza ateri kubwa inayoingia kiweleni, maana hapo ndipo mnyama huweza kupoteza damu nyingi, na akaacha uwazi chini wa kutolea majimaji. Sasa anakula, anacheua, na kidonda kinajaa nyama safi. Watoto wake nawanywesha kwa chupa maziwa ya mbuzi mwingine. Upande wa kulia ni mzima, lakini maziwa yake nayamwaga mpaka upite muda wa dawa kuisha mwilini mwake. Nawashukuru kwa dhati mlionihimiza nisikawie kumwita daktari.