Nilifurahia ufa katika nyumba ya rafiki yangu: naombeni ushauri

Mama Neema

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mbeya, na ninaimba katika kwaya ya akina mama ya usharika wetu. Mwaka 2018 nilinunua kiwanja nikajenga boma hadi kwenye lenta, ile boriti ya juu ya milango na madirisha, fedha zikaishia hapo. Leo magugu yaliyoota vyumbani yanafika kiunoni. Rafiki yangu, ambaye tunaimba naye sauti moja na kushika pamoja kitabu kimoja cha nyimbo, alichimba msingi miaka mitatu baada yangu, na mwezi uliopita amehamia katika nyumba iliyopauliwa kwa bati za msauzi, yenye madirisha ya aluminiamu na vigae sakafuni.

Siku ya kuiweka wakfu nyumba hiyo, mchungaji alinipa nafasi ya kutoa sala ya shukrani. Niliomba vizuri, watu wakaitikia amina. Tulipoingia jikoni kupakua chakula, nikaona ufa mwembamba unaopanda kwa mshazari kutoka kona ya dirisha, na moyo wangu ukafurahi. Sikumwambia mtu. Tangu siku hiyo nimeshindwa kuikaribia Meza ya Bwana. Nimefunga siku tatu, nimesoma Waebrania 13:5 kwamba tuwe radhi na vitu tulivyo navyo, lakini nikipita barabara ile na kuliona lile paa jekundu, uchungu unarudi. Je, niende kumwungamia? Nitaondokanaje na hali hii?

Mzee wa Usharika

Mwanangu, kutamani nyumba kama ya mwenzako ni jambo moja, na kufurahia ubovu wa nyumba yake ni jambo jingine. La kwanza ni tamaa. La pili ni husuda, ambayo haikuongezei hata tofali moja, kwa maana haitaki wewe upate, inataka yeye akose.

Watakuja wengi kukuelekeza Zaburi 73. Ni zaburi njema, lakini Asafu, mtunzi wake, aliwaonea wivu waovu, na alitulia alipoutafakari mwisho wao. Rafiki yako si mwovu, nawe ukiisoma kwa haraka utajikuta unausubiri mwisho wake. Soma badala yake 1 Samweli 18. Sauli na mwanawe Yonathani wote walikuwa na la kupoteza kwa sababu ya Daudi. Yonathani, mwana wa mfalme, pengine kuliko baba yake. Sauli aliusikia wimbo wa wanawake uliomsifu Daudi kuliko yeye, na tangu siku ile akamwonea Daudi wivu. Yonathani alimpenda Daudi kama roho yake mwenyewe, na andiko linataja papo hapo alichokivua akampa: joho, mavazi, upanga, upinde na mshipi. Fikiri ni kitu gani mikononi mwako unachoweza kumpa rafiki yako, tena kikugharimu.

Mtumishi K

Dada, badilisha njia. Usipite tena barabara ile mpaka moyo upoe.

Dada wa Kyela

Mtumishi K, samahani, lakini wanaimba pamoja kila wiki. Akiikwepa nyumba, atamkwepa vipi mwenyewe?

Mama Neema, nakusihi usiende kuungama kwake kwa sasa. Mimi niliwahi kuungamiwa namna hiyo. Mwenzangu alilia, akaondoka akiwa mwepesi, nami nikabaki na mzigo: kila alipokuja kunitembelea nilijikuta naufunga mlango wa chumbani asione kitanda kipya. Ungama kwa Mungu, na umweleze mchungaji wako faraghani. Jambo jingine: usijifariji kwamba huenda nyumba ile ina mkopo na mwenyewe anakatwa mshahara. Huo utakuwa ufa wa pili wa kuufurahia.

Fundi Uyole

Mimi ni fundi mwashi, sina elimu ya theolojia, lakini nimeshtuka kwamba hakuna aliyeuliza habari za ufa wenyewe. Nyufa ndogo zinazotapakaa ukutani kama utando wa buibui mara nyingi ni plasta iliyokauka haraka kwa kukosa kumwagiliwa maji. Ufa wa mshazari unaoanzia kona ya dirisha ni habari nyingine. Huenda lenta ni dhaifu, au msingi unatitia. Ni heri ukaangaliwa kabla mvua hazijaanza. Chukueni penseli, mweke alama kwenye ncha zake mbili na kuandika tarehe; ukivuka alama, bado unatembea.

Dada, katika Kutoka 20 tumekatazwa kutamani ng'ombe na punda wa jirani. Katika Kutoka 23 ng'ombe na punda wanatajwa tena, safari hii wakiwa wamepotea, na sheria inasema umrudishie mwenyewe hata kama ni adui yako. Wewe umeuona ufa, ukanyamaza. Mwambie.

Mama Neema

Nimewasoma wote, na Fundi amenitoa machozi.

Jana jioni nilikwenda. Nilimwambia, "Mama Joshua, siku ile niliona ufa jikoni, na nilipaswa kukwambia palepale." Alinyamaza, kisha akaisogeza kalenda aliyoitundika karibu na dirisha. Alikuwa ameshauona. Wiki zote hizi amekaa nao peke yake, akiona haya kumwita fundi aliyejenga kwa sababu bado hajamalizia kumlipa. Mimi nilishika kigoda, yeye akapanda akaweka alama, tarehe nikaandika mimi. Tuliomba pale jikoni, na safari hii sauti yangu haikuwa nzuri.

Siwadanganyi: nilipotoka nje, paa lile lilinichoma tena. Jumamosi nitaonana na mchungaji, ili Jumapili niweze kuikaribia Meza ya Bwana. Fundi, turudi kuupima baada ya siku ngapi?