Tupeane uzoefu: swichi ya taa za breki uliipimaje mwenyewe nyumbani?

Wakuu, taa za breki zikifa dereva huoni, anayeona ni wa nyuma yako, na akichelewa anakugonga. Ndiyo maana nataka tuliongee hili.

Naanza mimi. Zangu zilizima zote, hadi ile ya kwenye kioo cha nyuma. Balbu tatu kuungua kwa mpigo ni nadra, nikakimbilia fyuzi iliyoandikwa STOP. Nzima. Ikabaki swichi. Iko juu kwenye mkono wa pedali ya breki, ingiza kichwa na tochi chini ya dashibodi utaiona. Nikaichomoa, nikaweka mita ya umeme kwenye mlio (inalia pini zikiwa zimeungana kwa ndani) na kugusa pini zake mbili. Kitufe kikibonyezwa ndani mita inyamaze, ukikiachia ilie, kwa sababu pedali isipokanyagwa ndiyo inayokisukuma ndani. Yangu ilinyamaza kote kote. Nikafunga nyingine, taa zikarudi. Nyie je?

Dereva wa Kibaha: Mimi sina mita mkuu. Nilichomoa soketi, nikaunganisha matundu yake mawili kwa kipande cha waya. Taa zikawaka, nikajua tatizo ni swichi. Ila yangu ni ya waya mbili. Kama yako ina nne, usiguse mpaka ujue zipi ni za taa.

Mama Junior: Yangu ilikuwa kinyume, taa hazizimi, asubuhi betri haina kitu. Kwenye kapeti nikaokota vipande vya plastiki. Kumbe ni kile kidude cha kwenye pedali kinachogusa kitufe, kimezeeka kikapasuka, kitufe kinapita kwenye tundu. Swichi nzima kabisa! Nikaziba tundu kwa bolti fupi na nati hadi nilipopata kidude chenyewe.

Mtu wa Auto: Yangu ni otomatiki. Gia iligoma kutoka P (ya kuegesha), fundi akaanza habari za kushusha giaboksi. Nikamsimamisha kijana nyuma, nikakanyaga breki: taa kimya. Loki ya gia husubiri umeme wa swichi hiyohiyo. Nikavuta hendibreki, nikakanyaga breki, nikabonyeza kitufe cha dharura pembeni ya gia, ikatoka.

Dereva wa Kibaha: Ukiwa peke yako, usiku sogeza gari kinyumenyume karibu na ukuta, kanyaga, utaona wekundu kwenye kioo.

Mama Junior: Na uachie pia, uone kama unazima.