Godoro, vifuniko vya chupa au K1: bakteria wanashika wapi vizuri?

Mkaziwaigombe: Wakuu, nina tangi la sato la lita 5,000 hapa Igombe, maji yanazunguka kupitia pipa la lita 200. Humo nataka bakteria wa kula amonia, ile sumu wanayotoa samaki, wapate pa kushika. Nichague sponji la godoro, vifuniko vya chupa za soda, au K1, vile vigurudumu vya plastiki vya kuagiza?

Mama_Sato: Godoro nimelitumia. Poliurethani ina vitundu vingi, utando wa bakteria unashika haraka. Shida niliiona siku nilipokamua kipande kinene: ulitoka uji mweusi, unanuka yai viza. Hewa ilikuwa haifiki katikati. Kata vyembamba, na ukamulie kwenye maji ya tangi lenyewe. Maji ya bomba yana klorini, utaua wale unaowafuga.

FundiPampu: Vifuniko, mkuu. Vingi ni polietilini au polipropilini, vyepesi kidogo kuliko maji, kwa hiyo ukipuliza hewa vinazunguka. Toboa kila kimoja, la sivyo vinaingiana kama vikombe. Usizidishe theluthi mbili ya pipa, vitakosa pa kugeukia. Na pampu ya hewa usiibanie: gramu 1 ya nitrojeni ya amonia inamaliza gramu 4.57 za oksijeni.

nyegezi_lab: K1, kitu cha Wanorwe, ni polietilini kama kifuniko. Unacholipia ni umbo. Mita 1 ya ujazo ina mita za mraba 500 zilizojificha ndani ya vigurudumu, ambako utando hauchubuki vikigongana. Kifuniko upande wa nje kinabaki kipara.

Mkaziwaigombe: Na vile vitone vya alginati, jeli ya mwani, vya kwenye video?

nyegezi_lab: Kwa samaki achana navyo. Vinagandishwa kwa kalsiamu, na fosfati itokayo kwenye chakula na kinyesi inainyang'anya, vinalainika. Ni vya kufungia chachu au seli maabara. Na usikimbilie Zanzibar, mwani unaolimwa kule ni wa karajinani, jeli nyingine. Alginati ni ya mwani wa kahawia.

Mama_Sato: Chochote utakachoweka, usimwage vifaranga wote siku ya kwanza. Hao bakteria wanazaana polepole, wape wiki 4 hadi 6. Mimi nilikuwa na haraka, nikaamka nikakuta weupe umetanda juu ya maji. Siku mbili sikula samaki.

Mkaziwaigombe: Pole sana mama. Basi vifuniko. Sokoni Mwaloni nitavipata?

FundiPampu: Mwaloni utapata dagaa 😂 Nenda kwa wanaokusanya chupa, wanapima kwa kilo. Vioshe sukari kwanza, sisimizi watakuhamia.